Vinavyoruhusiwa gerezani viandikwe, na kinachozuiwa kitolewe stakabadhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wanaolijua vizuri hawapendi kulisema, kwa kuwa kulisema ni kujitangaza kwamba nyumbani kwenu kuna mtu aliyefungwa. Ni habari ya vifurushi ambavyo familia huwapelekea wafungwa na mahabusu: sabuni, dawa ya meno, nguo za ndani, taulo za kike, vitabu, bahasha na stempu, na pale kanuni zinaporuhusu, chakula. Sina ugomvi na upekuzi wa vifurushi hivyo, wala simo miongoni mwa wanaotaka kila kinacholetwa kipite. Ninachodai ni kwamba vitu vinavyoruhusiwa viandikwe na kubandikwa mahali pa wazi, na kila kinachozuiwa kizuiwe kwa maandishi, sababu ikitajwa na stakabadhi ikikabidhiwa kwa aliyekileta. Katika magereza mengi ulimwenguni ruhusa imekaa kinywani mwa askari wa zamu, na zamu hubadilika.

Nianze na upande wa gereza, kwa sababu malalamiko yetu sisi ndugu wa wafungwa mara nyingi huharibiwa na kutojua. Mtu anayerudishwa langoni na kitu ambacho yeye haoni ubaya wake huondoka akiamini ameonewa, na pengine hakuonewa hata kidogo. Kitabu chenye jalada gumu hukataliwa kwa kuwa jalada hilo huweza kupasuliwa, kitu chembamba kikafichwa ndani, kisha likagundishwa tena lisijulikane. Picha za papo kwa papo, zile zinazotoka ndani ya kamera yenyewe, zina tabaka zinazoweza kutenganishwa na kurudishiwa. Chingamu huziba matundu ya makufuli. Dawa ya kusukutulia mdomo na manukato mengi vina kileo. Sukari, hamira na matunda vikikutana ndani ya ndoo iliyofunikwa hutoa pombe kwa siku chache tu, na pombe ndani ya chumba cha watu waliobanana huzaa vurugu ambazo hao hao ndugu zetu ndio huumia kwanza. Nguo za mabaka, au zenye rangi inayokaribiana na sare za askari, zinaweza kumsaidia mtu atoke akidhaniwa ni mwingine. Chupa za kioo na makopo ya bati sidhani kama yanahitaji maelezo.

Hata karatasi tupu imekuwa na kesi yake. Katika nchi kadhaa, Uingereza na Marekani zikiwemo, barua zimegunduliwa zikiwa zimelowekwa dawa za kulevya za maabara, zikakaushwa na kutumwa kana kwamba ni salamu za kawaida. Ndiyo sababu jimbo la Pennsylvania, kuanzia mwaka 2018, liliacha kumkabidhi mfungwa barua aliyoandikiwa kwa mkono na badala yake humpa nakala iliyopigwa na kampuni iliyoko jimbo jingine. Mtu anaweza kuuliza, na mimi nauliza, kama hatua hiyo haikuwa kubwa kupita tatizo lenyewe, kwani karatasi ambayo mtoto ameichora kwa penseli zake si kitu kimoja na kivuli chake. Pia haifichiki kwamba bidhaa haramu haziingii kwa vifurushi peke yake; katika nchi mbalimbali watumishi wa magereza wenyewe wamepatikana na hatia mahakamani kwa kuziingiza. Hata hivyo, nakubali kwamba askari anayefungua mfuko wangu ana jambo halisi analolitafuta.

Basi kama sababu zipo, na nyingi zina mantiki, kwa nini hazisemwi? Hapo ndipo penye tatizo. Kwenye gereza moja ambalo sitalitaja nilisimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyemletea mwanawe mfuko. Askari alitoa mche wa sabuni ya kufulia, akaukata vipande vitatu kwa kisu, akavitazama ndani kimoja baada ya kingine, akavirudisha. Mama hakusema kitu, maana upekuzi ni upekuzi. Kisha askari akafungua dawa ya meno, akaiminya kidogo kwenye kidole, akainusa, akaifunga na kuirudisha mfukoni. Fulana mbili nyeupe, mpya, ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni ya dukani, akaziweka kando.

“Hizi haziruhusiwi, mama.”

“Afande, mwezi uliopita nilileta kama hizi hizi, zikapokelewa hapa hapa.”

“Aliyezipokea si mimi.”

Fulana zikaingia chini ya meza. Mama hakuambiwa kama zitatunzwa mpaka mwanawe atoke, kama azichukue arudi nazo, au kama ndiyo basi tena. Hakuandikiwa karatasi yoyote. Na huenda askari yule alikuwa sahihi kabisa: inawezekana kanuni ilibadilika kati ya mwezi ule na huu, inawezekana mwenzake ndiye aliyekosea kuzipokea, inawezekana nguo nyeupe zilishaleta tabu ambayo sisi wa nje hatuijui. Lakini kwa namna jambo lile lilivyokwenda, hata haki ilifanana na uporaji, na sidhani kama askari mwenyewe alifurahia kuonekana hivyo mbele ya foleni nzima. Orodha iliyoandikwa, yenye tarehe na saini ya mkuu wa gereza, ingemlinda yeye kabla ya kumlinda mama.

Watakaosema kwamba nadai starehe kwa wahalifu nawakumbusha jambo moja la historia. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu mateka wa vita uliruhusu mateka wapelekewe vifurushi vya chakula na nguo kwa posta, na ukaagiza, katika ibara ya 37, kwamba vifurushi hivyo vifikishwe kwa wenyewe na stakabadhi itolewe. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifikisha kwa mateka yapata vifurushi milioni 36 chini ya utaratibu huo, ingawa si kila nchi ilikuwa imeuridhia mkataba na si kila mateka alifikiwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 ulikwenda mbele zaidi. Ibara yake ya 76 inasema kwamba upekuzi wa mizigo ya mateka usifanywe kwa namna itakayoviharibu vilivyomo, kwamba ufanyike mbele ya mwenye mzigo au mbele ya mateka mwenzake aliyemteua, isipokuwa kwa maandishi na machapisho, na kwamba mizigo isicheleweshwe kwa kisingizio cha ugumu wa ukaguzi.

Hao ni askari wa adui. Ni watu waliokamatwa na bunduki mkononi, katikati ya vita, na bado mataifa yalikaa yakakubaliana kwamba sabuni ya mtu wa namna hiyo isiharibiwe ovyo na mzigo wake ufunguliwe akiwa anaona. Kijana aliyefungwa kwa wizi wa simu, au mahabusu ambaye hata hukumu hajapewa, mzigo wake hufunguliwa mbali na macho yake, na kinachomfikia ndicho anachopaswa kuamini kuwa kililetwa. Mfungwa hawezi kulalamikia fulana asiyojua kwamba ililetwa, na mama yake hawezi kujua kama ilifika mpaka siku ya kuonana, ikiwa siku hiyo ipo karibu. Pengo hilo kati ya meza ya langoni na mkono wa mfungwa ndilo linalotia watu mashaka kuliko orodha yoyote ya makatazo.

Kwa wafungwa wa kawaida hakuna mkataba wa nguvu ile, lakini kuna kanuni ambazo nchi zote wanachama zilizipitisha katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela. Ni kanuni 122, zilizotokana na zile za mwaka 1955. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati: Mandela alipofikishwa Robben Island mwaka 1964 akiwa mfungwa wa daraja la chini kabisa, aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita, na barua yenyewe ilihesabiwa maneno. Kanuni ya 67 ndiyo inayonihusu hapa. Inataka mali ambayo mfungwa haruhusiwi kukaa nayo iwekwe mahali salama, iorodheshwe, mfungwa atie saini kwenye orodha hiyo, itunzwe isiharibike, na arudishiwe siku anapotoka. Kisha inaongeza kwamba fedha au vitu vinavyoletwa kwa ajili yake kutoka nje vitendewe hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba fulana za yule mama, kama kweli hazikuruhusiwa kuvaliwa ndani, zilipaswa kuandikwa na kutunzwa. Chini ya meza si mahali palipotajwa.

Kanuni hizo hizo zinatofautisha kati ya mfungwa na mahabusu, tofauti ambayo langoni husahaulika kwa urahisi. Kanuni ya 114 inamruhusu mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa kupata chakula kutoka nje kwa gharama yake, kupitia uongozi wa gereza au kupitia ndugu na rafiki, kwa kadiri utulivu wa gereza unavyoruhusu. Ya 115 inamruhusu avae nguo zake mwenyewe zikiwa safi na zinazofaa. Ya 117 inamruhusu ajinunulie vitabu, magazeti na vifaa vya kuandikia. Ni wazi kwa nini. Mtu huyo bado anahesabiwa hana hatia, na kumnyima nguo zake ni kumwadhibu kabla ya hakimu kusema. Karibu theluthi moja ya watu wote walio magerezani duniani wako katika hali hiyo ya kungoja hukumu, na wengi wao hungoja muda mrefu. Ningependa kuona meza ya langoni yenye orodha mbili, moja ya mahabusu na moja ya waliohukumiwa, badala ya askari mmoja anayewapima wote kwa kumbukumbu zake.

Kuna watakaosema dawa ya usumbufu huu wote ni kuondoa mkono wa familia kabisa, na kuwaachia wauzaji walioidhinishwa. Utaratibu huo umeenea sana Marekani: ndugu hafungi mzigo mwenyewe bali huchagua bidhaa kwenye katalogi ya kampuni iliyokubaliwa na idara ya magereza, analipa, na kampuni inapeleka mzigo uliofungwa moja kwa moja gerezani. Huko California kifurushi cha namna hiyo hakitakiwi kuzidi ratili 30, yaani kilo 13 na nusu na kidogo, na idadi ya vifurushi ambavyo mfungwa anaweza kupokea kwa mwaka hutegemea kundi la nafuu aliloko. Sitaki kuudharau utaratibu huu. Kwa ndugu aliye mbali ni msaada mkubwa, kwa askari unapunguza kazi ya kukata sabuni, na orodha yake, kwa kuwa ni ya biashara, imeandikwa tangu mwanzo hadi mwisho na kila mtu anaisoma sawasawa. Kwa jambo hilo la mwisho peke yake nausifu.

Hata hivyo, tazama yaliyotokea New York. Mwishoni mwa mwaka 2017 idara ya magereza ya jimbo hilo ilitangaza jaribio katika magereza matatu: vifurushi vyote vipitie kwa wauzaji wachache walioteuliwa. Watu walipofungua katalogi wakakuta vitabu havifiki hata mia moja, na sehemu kubwa ya hivyo ni vya dini, vya kupaka rangi na vya mafumbo. Kelele zilikuwa kubwa, na Januari 2018 gavana Andrew Cuomo akaagiza jaribio lisimamishwe. Mwaka 2022, kelele zikiwa zimetulia, jimbo hilo hilo likarudisha sharti la kununua kwa wauzaji kwa sehemu kubwa ya bidhaa, chakula kikiwa cha kwanza. Ndivyo hali huwa pale mnunuzi hana duka la pili la kwenda. Bei hupangwa na mtu anayejua kwamba mteja wake atanunua kwa namna yoyote, kwa kuwa anamnunulia mwanawe; na mfungwa mwenyewe hawezi kujisaidia, kwani malipo ya kazi zake huhesabiwa kwa senti kwa saa, na katika majimbo kama Texas na Georgia kazi nyingi za ndani ya gereza hazilipwi chochote.

Kwa hiyo, pale ambapo gereza litaamua kutumia wauzaji, maombi yangu ni kwamba wasiwe mmoja, kwamba bei zao zilinganishwe hadharani na za madukani, na kwamba gereza lisichukue gawio katika mauzo. Mamlaka inayopata sehemu ya faida haiwezi kuwa mwamuzi mwaminifu wa kipi kiruhusiwe kuletwa kutoka nyumbani na kipi kinunuliwe hapo hapo. Tena njia ya wauzaji iwe nyongeza, isiwe mlango wa pekee. Kuna mambo ambayo katalogi haina: madaftari ya mtu aliyeanza kusoma akiwa ndani, miwani yenye nguvu inayolingana na macho yake, kitabu cha lugha ambayo muuzaji hajawahi kuisikia.

Kuhusu vitabu nina neno zaidi, kwa sababu hapa ndipo makatazo huvuka mpaka kirahisi kuliko kwingine. England na Wales ziliweka mwishoni mwa mwaka 2013 kanuni za nafuu za wafungwa ambazo, pamoja na mambo mengine, zilizuia familia kuwatumia vitabu isipokuwa kwa sababu maalumu. Serikali ilisema maktaba za magereza zinatosha. Mfungwa mmoja alikwenda mahakamani, na Desemba 2014 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zuio hilo halikuwa halali. Mwaka uliofuata vizuizi vikalegezwa na ndugu wakaruhusiwa tena kutuma vitabu. Funzo ninalolichukua mimi ni dogo na la kiutawala. Katazo lile liliweza kupingwa kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Lingekuwa ni desturi ya askari mmoja mmoja langoni, leo hapana, kesho sawa, mahakama isingekuwa na kitu cha kukisoma wala cha kukitengua.

Narudi kwenye mambo ambayo sisi wa upande wa nje tunaweza kuyafanya bila kungoja mtu, kwani orodha nzuri haina faida kwa asiyeifuata. Kabla ya kufunga mzigo, uliza kama ndugu yako bado yuko gereza lile. Uhamisho hutokea bila taarifa, na mzigo uliofika baada ya mtu kuhamishwa ndio hupotea kwa urahisi kuliko yote. Andika jina lake kama lilivyo kwenye kumbukumbu za gereza, si jina la nyumbani, pamoja na namba yake ya mfungwa. Acha bidhaa kwenye vifungashio vyake vya dukani, na risiti uiweke, kwa kuwa kifungashio kisichofunguliwa kinampa mkaguzi sababu ya kutokifungua. Chagua vitabu vya jalada laini, vipya ikiwezekana. Kadi zenye mapambo ya kubandika, kumetameta au muziki ziache nyumbani, hata kama mtoto amezichagua mwenyewe. Dawa za hospitali usizifiche ndani ya kitu kingine kwa nia njema: zipeleke wazi pamoja na cheti cha daktari na uombe zifikishwe kwa tabibu wa gereza, kwa sababu kidonge kimoja kilichofichwa kinaweza kumfanya ndugu yako aadhibiwe kwa jambo asilolijua. Weka orodha ya vilivyomo, nakala mbili, moja ndani ya mzigo na moja mkononi mwako, na uombe askari aisaini ile ya mkononi. Wapo watakaokataa. Wapo pia, nimeona, watakaosaini bila kinyongo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba.

Wapo wasioletewa kitu. Kila chumba kina mtu ambaye ndugu zake wamekufa, wamehama, au wameamua kumsahau, na mfuko unapoingia kwa jirani yake yeye hutazama ukutani. Ndani ya magereza vitu hivi vidogo hugeuka fedha: sabuni hununua zamu ya kulala pazuri, stempu hulipa deni, na asiye na chochote huuza alichonacho, mara nyingi nguvu zake za kazi na wakati mwingine mwili wake. Kwa hiyo simwelewi mtu anayesema vifurushi ni jambo la familia na familia peke yake. Kanuni ya 18 ya Kanuni za Mandela inaliwajibisha gereza kutoa maji na vifaa vya usafi kwa kila mfungwa, na Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo ni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinataka wapewe taulo za kike bila malipo. Kifurushi cha nyumbani kiongeze juu ya hayo, kisiwe kisingizio cha gereza kutoyatoa. Makanisa, misikiti na vyama vya hiari ambavyo hupeleka misaada ya pamoja vingesaidia zaidi kama vingepewa na uongozi, kwa siri, idadi ya wasiotembelewa, badala ya kugawa kwa foleni ambayo wenye nguvu ndio husimama mbele. Na ugawaji huo usimamiwe na ofisa anayejulikana kwa jina, si nyapara. Kanuni ya 40 ya zile za Mandela inakataza mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu juu ya wenzake, na anayegawa sabuni ana madaraka, hata asipoitwa hivyo.

Jambo jingine linalonisumbua ni kutumia kifurushi kama fimbo. Mfungwa akikosa nidhamu, ndugu yake aliyesafiri huambiwa langoni kwamba huyu hapokei kitu mwezi huu. Naelewa kwamba nafuu zinaweza kupunguzwa kwa anayevunja kanuni. Lakini kanuni ya 43 inasema adhabu zisihusishe kupiga marufuku mawasiliano na familia, na kwamba njia za mawasiliano hayo zinaweza tu kubanwa kwa muda maalumu na kwa kadiri usalama unavyohitaji hasa. Kifurushi ni njia mojawapo ya mawasiliano hayo, hasa kwa ndugu asiyejua kuandika, ambaye salamu zake zote zimo katika namna alivyoikunja ile fulana. Ikibidi kisitishwe, familia ijulishwe kabla haijasafiri, na muda wa kusitishwa uandikwe ili ujulikane unaisha lini.

Mhariri, kwa wakuu wa magereza maombi yangu hayahitaji bajeti kubwa. Karatasi moja ukutani, yenye vinavyoruhusiwa kwa mahabusu na kwa waliohukumiwa, uzito na mara ngapi, tarehe iliyoanza kutumika na jina la ofisi inayopokea malalamiko, isomwe kwa sauti kila asubuhi ya siku ya wageni kwa ajili ya wasiojua kusoma. Daftari la stakabadhi lenye kurasa tatu tatu: moja kwa mleta mzigo, moja ifuatane na mzigo hadi kwa mfungwa aisaini, moja ibaki. Orodha ikibadilika, ile ya zamani iheshimiwe kwa majuma machache, ili aliyekwisha kununua asipate hasara kwa tangazo la jana.

Na kwako wewe nina ombi la mwisho. Gazeti lako huchapisha ratiba za mitihani, matangazo ya zabuni na majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo, na watu huyakata na kuyatunza. Ungewaomba wasemaji wa idara ya magereza wakupe orodha zao, ukazichapisha kila zinapobadilika, hata kwenye kona ya ukurasa wa ndani. Wakikataa kuzitoa, nalo ni habari, na naamini waandishi wako wanajua la kufanya nalo.

Wako,
Msomaji wako mwenye ndugu kifungoni